Karoti ya Simu Iko na Bei, Kabeji ya Kieni Haina: Grow a Garden Inaambia Nini Wasee wa Mlima?

Juni 2025 kitu kilifanyika kwa intaneti ambacho mzee yeyote wa Mukurwe-ini angekataa kuamini. Watu zaidi ya milioni 21 waliingia kwa gemu moja, wakati mmoja. Hawakuwa wanapiga risasi wala kucheza boli. Walikuwa wanapanda karoti. Gemu inaitwa Grow a Garden, iko ndani ya Roblox, na mwezi huo ikapita rekodi ambayo Fortnite ilikuwa inaringa nayo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 759,164 Nyeri kaunti nzima. Piga hesabu: ni kama Nyeri karibu 28 zimejipanga mbele ya simu zikingoja nyanya ziive.

Sasa, huku kwetu kutoka Othaya mpaka Nanyuki, kijana akisikia mathe akiita "kuja unisaidie kupalilia," anapata homa ghafla. Jembe ni adhabu. Lakini kijana huyo huyo, saa sita usiku, bando imebaki kidogo, ako macho akingoja duka la mbegu la kwa simu lijaze stoki. Wazee wanasema ni uvivu. Hiyo jibu haitoshi, manze. Mvivu haamki usiku kupanda kitu chochote, hata kama ni cha uongo.

Ukiicheki hiyo gemu poa, utaona imepea vijana kitu ambacho kilimo cha Mlima kimewanyima miaka yote: bei inayojulikana na mnunuzi asiyezungusha watu. Utaona pia kuna kitu imewaficha, kitu ambacho mkulima wa Kieni anakijua kwa machungu. Wacha tuchambue zote mbili, juu kuna wasee wameanza kuuliza kama kilimo cha simu kinaweza kuwa hustle.

Gemu yenyewe inaenda aje

Kwa wale hawajaingia, iko hivi. Ukifungua unapewa ploti yako. Hakuna kesi ya shamba, hakuna title deed ya guka iliyofichwa kwa sanduku, hakuna ankoli anadai mpaka umesogezwa. Unaanza na pesa kidogo ya gemu inaitwa Sheckles. Mbegu ya karoti ni 10. Unapanda, unangoja kidogo, unavuna, unampelekea jamaa wa stendi anaitwa Steven, anakulipa hapo hapo. Ukishikisha doo unapanda ngazi: stroberi, bluberi, nyanya, mahindi, tikiti, malenge. Karoti ukiing'oa imeisha, lakini nyanya inazaa tena na tena.

Duka la mbegu linabadilisha stoki kila dakika 5. Mbegu ya kawaida haikosi, ile kali inatokea kwa bahati, na hapo ndipo watu hupagawa. Mvua ikinyesha, tunda likilowa bei inapanda. Radi ikilipiga, bei inaruka zaidi. Ukizima simu ukalala, mimea inaendelea kukua. Na hauko peke yako kwa seva: unaona mashamba ya majirani, unatembea ukikagua nani ameomoka, na ukitaka kuwa mbaya unaweza kulipa Robux, ile pesa ya Roblox inayonunuliwa na pesa halisi, uibe tunda la mwenzako. Hiyo ya wizi ni kama maisha tu, isipokuwa kwa gemu mwizi anakata risiti.

Gemu ilitoka Machi 2025. Janzen Madsen, msee wa New Zealand ambaye kampuni yake iliingia baadaye kuikuza, alieleza kwamba aliyeiunda mwanzo ni kijana wa miaka 16, na alitumia siku kama 3 hivi. Siku 3! Kuna watu huku wametumia miaka 3 wakingoja tenki la maji la mradi wa umwagiliaji lijengwe.

Si mara ya kwanza

Wenye walikuwa kampasi miaka ya 2009 na 2010 wanakumbuka FarmVille. Ilianza Juni 2009 ndani ya Facebook, na mapema mwaka uliofuata ilikuwa na wachezaji zaidi ya milioni 80 kila mwezi. Watu walikuwa wanaingia saiba, wanalipa shilingi kwa dakika, badala ya kutuma CV wanamwagilia stroberi. Kabla yake Wachina walikuwa na yao, Happy Farm, iliyotoka 2008, ambapo raha kubwa ilikuwa kuibia jirani mboga usiku. 2012 Wafini wakaleta Hay Day kwa simu. 2016 ikatoka Stardew Valley, iliyoundwa na mtu mmoja, Eric Barone, na miaka miwili baadaye mabeshte wakaweza kulima pamoja.

Kwa hivyo hamu ya kulima iko. Kila baada ya miaka michache dunia inajaa vijana wanaotaka kupanda kitu na kukiona kikikua. Kama hamu iko, na ardhi nyeusi ya Mlima Kenya iko, na mvua inakuja ikipenda, shida iko wapi?

Shida iko kwa bei

Twende Kieni. Hii ni ile sehemu ya Nyeri iliyo kati ya Aberdare na Mlima: Mweiga, Endarasha, Chaka, Naro Moru. Milima inakata mvua, kwa hivyo kunakauka kuliko Othaya au Tetu. Lakini mtu akipata maji ya mfereji au ya bwawa, udongo unatoa kabeji, waru, kitunguu na karoti za nguvu. Huko juu Kibirichia na Kisima upande wa Meru ni waru na karoti. Ukishuka Kirinyaga, Kagio na Mwea, ni nyanya na mishiri, mbali na mchele. Mboga ya mji mzima wa Nairobi ina jamaa yake hapa.

Sasa mkulima amekaa na kabeji miezi mitatu. Amenunua miche, mbolea, dawa, amelipa wa kupalilia. Kabeji imefunga, imekuwa ngumu kama mpira. Broka anafika na pikipiki, anatembea kwa laini, anafinya mbili tatu, anataja bei ya kichwa kimoja. Mkulima hana lori. Hajui leo asubuhi Marikiti pale Nairobi, au Kongowea kule Mombasa, kabeji imeenda ngapi. Broka anajua. Mkulima akikataa, broka anaenda kwa jirani, na kabeji haingoji, ikikaa sana inapasuka. Kwa hivyo anakubali. Mkulima ameuza, lakini hajawahi kupanga bei hata siku moja.

Waru nayo ina sarakasi yake. Kanuni za 2019 zinasema gunia la waru lisipite kilo 50. Lakini uliza mtu yeyote amewahi kusimama kando ya lori: lile gunia lenye kilemba, lile soko linaita "mukorino," halijapotea. Mkulima analipwa bei ya gunia moja huku ameweka moja na nusu. Hakuna mizani, hakuna kelele.

Sasa rudi kwa simu. Steven hana kilemba. Bei ya tunda inafuata uzito na ubora, na mzani ni mmoja kwa mtoi wa Karatina na mtoi wa Chicago. Ukifika na karoti 3 anachukua, ukifika na 300 anachukua. Hakwambii "rudi kesho." Hakwambii "soko imeanguka, nisaidie na hiyo bei." Kijana ambaye ameona buda yake akirudi kutoka soko na uso umekunjamana, akikutana na mnunuzi kama huyo, atakaa hapo usiku kucha. Huyu kijana anapenda kulima. Kile alikataa ni kulima akiwa kipofu.

Hapa wazazi na viongozi wa kaunti wangefaa kusikiza. Kila mwaka unasikia hotuba: "Vijana, rudini shambani." Hotuba haijibu swali dogo ambalo gemu imejibu kwa sekunde moja: nikivuna, nani ananunua, na ni ngapi?

Lakini gemu imeficha kitu kikubwa

Tusidanganyane pia. Steven ni mnunuzi mtamu juu si mtu wa kweli. Watu milioni 21 wamepanda karoti siku moja, na bei haikushuka hata senti. Hizo karoti anazipeleka wapi? Hakuna popote. Hakuna mtu anakula karoti za Grow a Garden. Zikiuzwa zinapotea na Sheckles zinatokea hewani.

Huku nje karoti lazima iingie kwa tumbo la mtu. Na tumbo zina kikomo. Mvua ikinyesha vizuri, Kieni nzima inapanda kabeji wiki ile ile, juu kila mtu ameona jirani aliuza poa msimu uliopita. Baada ya miezi mitatu zote zinafunga wiki ile ile. Malori hayatoshi, Marikiti imejaa, bei inazama, na unaona watu wanakatia ng'ombe kabeji. Msimu unaofuata wote wanakasirika, hawapandi. Kabeji inakosekana, bei inapanda juu, na wale wachache walipanda wanakula doo. Jirani wanaona. Mchezo unaanza upya.

Kama unadhani ni wazee tu wanaingia mtego huo, kumbuka kware. 2013 kuelekea 2014, Kenya nzima ilishikwa na homa ya ndege wadogo. Yai la kware lilikuwa linauzwa hata zaidi ya shilingi 50, watu wakiambiwa linatibu kila kitu. Watu wa kazi za ofisi, vijana wa mtaa, wamama wa chama, kila mtu akajenga kizimba na kwenda kutafuta leseni ya KWS. Miezi kidogo, mayai yakawa mengi kuliko walaji, bei ikaanguka mpaka shilingi chache tu. Pesa kubwa ilikuwa imeenda kwa wale waliouzia wengine ndege na vifaranga mapema. Aliyekuja mwisho alibaki na kizimba.

Gemu haiwezi kukufunza hilo, juu gemu haina mwisho wa soko. Pia haina Tuta absoluta, kale kadudu ka nyanya kaliingia Kenya 2014 na kakamaliza mashamba mazima Kirinyaga watu wakiangalia. Haina baridi ya Julai inayochoma waru. Haina mnunuzi wa Ulaya anayekwambia mishiri yako ina mabaki ya dawa, kama ilivyotokea 2013 wakati Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa mishiri na minji kutoka Kenya. Wakulima wadogo wa huku Mlima waliokuwa wanategemea hiyo soko waliumia, wengine wakaachwa kabisa na kampuni za kusafirisha. Na kubwa kuliko yote, gemu haina swali la nani mwenye shamba. Kwa simu ploti ni bure. Kwa Nyeri, ekari imegawanywa kutoka guka kwa buda kwa ndugu wanne, na wewe kijana unalima mahali ambapo siku yoyote unaweza kuambiwa uhame.

Broka wa gemu ni nani?

Hapa ndipo wale wanauliza "naweza omoka na hii kitu?" wakae macho.

Sheckles hazitoki nje ya gemu. Unaweza kuwa na mamilioni na usinunue hata skuma ya mia. Njia moja tu ya pesa ya kweli ni Robux. Robux 400 zimekuwa zikiuzwa dola 4.99 kwa simu, ambayo ni kama shilingi 645 dola ikiwa 129. Yaani Robux moja umeinunua karibu shilingi 1.60. Sasa yule aliyeunda gemu akitaka kugeuza Robux zake kuwa pesa, Roblox kutoka Septemba 2025 inamlipa dola 0.0038 kwa kila moja, ambayo ni kama senti 49 za Kenya. Na lazima awe amekusanya 30,000 kwanza. Kwa kila shilingi 100 mtoi ametoa, mtengenezaji anaenda nyumbani na chini ya 30. Zingine zinabaki njiani: duka la apu, seva, na Roblox yenyewe. Mchezaji, yule aliyeamka usiku kupanda, anapata sufuri.

Kwa hivyo usiseme gemu haina broka. Iko na broka mkubwa kuliko wote wa Karatina wakikusanywa, tofauti ni kwamba huyu hafinyi kabeji yako. Ameshika duka, ameshika mzani, ameshika pesa, na amefanya wewe ufurahie. Ripoti yake ya robo ya tatu ya 2025 ilisema watu milioni 151.5 wanaingia Roblox kila siku. Hiyo ni soko, na bidhaa inayouzwa ni muda wako.

Cheki hata mbegu. Kwa gemu mbegu zinatoka kwa duka la mwenyewe, na yeye ndiye anaamua leo iko au haiko. Huku Kenya tulikuwa tumeanza kuzoea kitu kama hicho. Sheria ya mbegu, baada ya marekebisho ya 2012, ilifanya kuuza au kubadilishana mbegu ambazo hazijaidhinishwa kuwa kosa. Cucu akimpa jirani mbegu za maharagwe kwa mali, kwa karatasi angeweza kukula miaka 2 ndani au faini hadi shilingi milioni 1. Wakulima wadogo wakaenda korti, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Hiyo kesi ilikuwa inauliza swali lile lile: nani ameshika duka la mbegu?

Halafu kuna biashara ya kando. Wanyama wa ndani ya gemu, kama ile rakuni iliyokuwa ikitafutwa sana, watu walianza kuwauziana kwa dola nje ya Roblox. Hiyo ni kinyume na sheria za Roblox, akaunti inaweza kufungwa. Na ni shamba la matapeli: "nitumie mnyama kwanza, doo inakuja." Doo haiji. Mzazi, kama mtoi wako wa miaka 10 anaulizia PIN ya M-Pesa "ya kununua mbegu," hiyo si mbegu ya dukani. Ukae pia ukijua kuna nchi zimefunga Roblox kabisa kwa sababu ya usalama wa watoto, kama Uturuki 2024 na Qatar 2025, na kuanzia Januari 2026 Roblox yenyewe inataka watu wathibitishe umri kabla ya kuchat. Usimwache mtoi huko peke yake ati juu ni karoti tu.

Karatina ilishawahi kuzimiwa seva

Kuna stori ya hapa ambayo wengi wetu hatukufunzwa shule. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya mkoloni iliweka kiwanda cha kukausha mboga Karatina. Wanajeshi walihitaji chakula kisichooza, na wakulima wa huku wakaambiwa walime: waru, karoti, kabeji. Wakalima. Soko lilikuwepo, mnunuzi mmoja, bei imepangwa, kila kitu kinachukuliwa. Kwa maneno ya leo, walikuwa wamepata Steven.

Vita vikaisha. Jeshi halikuhitaji mboga kavu tena. Kiwanda kikafungwa, ingawa wakulima wenyewe walikuwa wanataka kiendelee. Watu walibaki na ujuzi, mashamba na mboga, bila mnunuzi. Uchungu huo uliingia kwa malalamiko mengine ya miaka ile, ya ardhi na kazi, na sote tunajua yaliishia wapi.

Sasa linganisha na FarmVille. Tarehe 31 Desemba 2020 Zynga waliizima. Programu ya Flash iliyokuwa inaiendesha ilikuwa imefika mwisho, na shamba za watu, miaka 11 ya kupanda na kuvuna, zikapotea usiku mmoja. Hakuna mtu alikufa njaa, ni kweli. Lakini mpango ni ule ule: ukilima kwa mnunuzi mmoja ambaye hauna sauti kwake, siku yake ikifika anaondoka na soko lote. Hata Grow a Garden, na hizo milioni zake zote, kabla mwaka 2025 kuisha gemu nyingine ya Roblox inaitwa Steal a Brainrot ilikuwa imeipita rekodi. Umati unahama haraka.

Sasa tufanye nini na hii maneno?

Kwanza, tuache kutukana vijana. Dogo ambaye anajua stoki inabadilika kila dakika 5, anajua mmea gani unazaa mara moja na gani unazaa kila mara, anahesabu faida akilini kabla ya kununua mbegu, huyo dogo tayari anafikiria kama mfanyabiashara wa mboga. Kitu anakosa ni bei za kweli mkononi.

Na hizo bei si siri ya mbinguni. Wizara ya Kilimo iko na mtandao wake, KAMIS, unaoonyesha bei za masoko ya kaunti mbalimbali. Watu wachache sana kijijini wanaujua. Hata wazo la kutuma bei kwa simu ni letu: 2010 Jamila Abbass, Susan Oguya na Linda Kwamboka walianzisha M-Farm, mkulima akituma SMS anaambiwa bei ya soko. 2014 ikaja Twiga Foods, ikajaribu kuruka mabroka kabisa kwa kununua kwa mkulima na kupelekea mama mboga, na baadaye nayo ikapunguza kazi na kujipanga upya. Funzo la hizo zote ni kwamba kujua bei ni mwanzo tu. Ukijua Marikiti kabeji imepanda na hauna lori, unajua tu vile umeumizwa.

Kwa hivyo lori ndilo swali la pili. Mtu mmoja mwenye robo ekari hawezi kulijaza. Watu 15 wa Chaka wanaweza. Wakikubaliana nani anapanda wiki gani, ili kabeji zisifunge zote siku moja, wanaweza kujaza lori dogo kila wiki badala ya kutupa tani moja kwa mpigo. Hiyo haihitaji apu ya kutoka Amerika. Inahitaji kikundi cha WhatsApp, kalenda, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kupigia watu wawili watatu Marikiti kila asubuhi na kuandika bei bila kudanganya. Kijana wa kukaa macho usiku tayari tuko naye.

Tatu ni mizani. Kama kikundi kinauza waru, kinunue mizani na kikatae kilemba kwa pamoja. Mkulima mmoja akikataa, broka anaruka boma lake. Ridge nzima ikikataa, broka atapima, juu lori lake haliwezi kurudi Nairobi tupu.

Nne, kukausha. Karatina ilikausha mboga ya jeshi zima miaka ya arobaini. Leo skuma na kabeji zinaoza kando ya barabara na jua la Kieni linawaka bure. Kikaushio cha mbao na nailoni fundi wa mtaa anaweza kukitengeneza. Soko la mboga kavu bado ni dogo, usikimbilie kama kware. Lakini mboga ambayo inaweza kungoja mwezi mmoja inampa mkulima nguvu ya kusema "bei hiyo hapana."

Na wale wasee wa kompyuta pale Kimathi, chuo kikuu chetu cha Nyeri, kuna kazi hapa. Kama kijana wa miaka 16 aliunda gemu kwa siku 3, hamuwezi kushindwa kuunda yenye ukweli wa kwetu. Weka shamba Kieni. Weka maji ya zamu. Weka broka wa pikipiki. Kila mchezaji akipanda kabeji, bei ishuke mbele ya macho yake, mpaka ajifunze kuuliza majirani kabla ya kununua mbegu. Hiyo gemu mtoi akiicheza mwaka mmoja, siku akirithi robo ekari ataingia akijua kitu ambacho buda yake alijifunza kwa hasara.

Kwa sasa, kama uko kwa gemu, cheza, furahia, usiweke doo ya rent. Na kama uko na kaploti hapo nyuma ya nyumba, kabla hujapanda chochote uliza maswali mawili ambayo Steven hajawahi kukuuliza: nani mwingine amepanda hii kitu mwezi huu, na nani amesema atanunua? Ukikosa jibu la la pili, panda kidogo, ya kula nyumbani, na uanze kupiga simu.